Fomu moja kwa nchi nyingi: kwa nini majina yetu hayakai vizuri kwenye lisiti

Tangu watu wa Masisi walipoanza kushuka Minova kwa wingi mwanzoni mwa mwaka 2024, ujumbe wa sauti unaofika kwenye simu ya redio unarudia mambo matatu: usalama, njaa na lisiti. Juu ya usalama na njaa tumesema sana, na tutaendelea kusema. Leo nachukua lisiti, na zaidi ile programu iliyo ndani ya tableti wanamoandikia majina yenu. Ni habari ya ufundi. Niliifuata kwa sababu mama mmoja, anayelala darasani pamoja na wajukuu wake, alituma sauti fupi yenye swali ambalo sikuweza kuliacha: "Mwanangu wa redio, ile mashini ilitengenezwa juu yetu, ao juu ya watu wengine?"

Jibu fupi ni hili: ilitengenezwa juu ya watu wengi kwa mara moja, na ninyi ni sehemu yao. Jibu refu lilinichukua wiki kadhaa.

Wengi tunadhani kwamba shirika likifika, mafundi wake wanakaa chini na kutengeneza programu mpya kwa ajili ya Minova. Hapana. Hakuna mwenye pesa wala muda wa hivyo. Programu za kuandikisha watu zinatoka kwenye shina moja, kisha kila nchi na kila kazi inapewa tawi lake. Mafundi wa enformatike wanaita kitu hicho jamaa ya programu. Mwaka 2008, katika Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle nchini Marekani, walianza kutengeneza ODK, programu ya kukusanya majibu kwa simu. Kwenye shina hilo yakaota matawi mengi yenye majina mengine, na KoboToolbox, ambayo watu wa mashirika hapa wanaijua vizuri, ni mojawapo. Anayetayarisha maswali hahitaji kujua lugha za ndani za ordinateri. Anaandika maswali yake kwenye jedwali la Excel, mstari kwa mstari, na shina linafanya kazi iliyobaki: linaonyesha swali, linahifadhi jibu, linatuma.

Kama unataka kuelewa jambo hili bila ordinateri, nenda kwa mshonaji. Kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa 9, wazazi wanamletea kitambaa cheupe na cha buluu. Hachori upya kila shati. Ana patroni zake, karatasi ya kaki ya mfuko wa simenti, zimetundikwa ukutani kwa msumari. Mgongo, kifua na mikono havibadiliki. Kinachobadilika anakijua mbele: urefu, kola, upande wa vifungo, mfuko wenye jina la shule. Na tena anajua mahali pa kuacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, kwa sababu mtoto atakua kabla ya mwaka kwisha. Haachi akiba kila mahali, kitambaa ni pesa. Anaacha kiunoni na kwenye pindo la chini. Nilimwuliza mshonaji mmoja wa kando ya barabara alijifunza wapi kwamba ni pale na si kwingine. Akanicheka. "Nimelea watoto saba."

Watu wa enformatike walichelewa kufikia akili hiyo. Mwaka 1968, katika mkutano uliofanyika Garmisch, Ujerumani, Mmarekani Douglas McIlroy aliwaambia wenzake kwamba programu zitengenezwe kwa vipande vilivyokwisha kutayarishwa, vya ukubwa na nguvu mbalimbali, kila mtu achague kinachomfaa, kama wanavyofanya viwanda. Mwaka 1976 mtaalamu David Parnas akaandika juu ya jamaa za programu. Neno lake moja lilinishika, kwa sababu niliona Minova ndani yake. Alisema njia iliyozoeleka ni kumaliza programu moja kabisa, kisha kuigeuza kidogo ili itumike mahali pengine, kisha kuigeuza tena. Kwa njia hiyo mtoto anarithi maamuzi ya mzazi, hata yale yasiyomfaa, kwa sababu tu mzazi alizaliwa kwanza. Afadhali, anasema Parnas, kutafuta kwanza mambo ambayo jamaa yote inashiriki, na kuchelewesha yale ambayo kila mmoja atakuwa nayo peke yake.

Baadaye mawazo hayo yakawa kazi kamili yenye hatua zake. Kampuni ya Uswidi, CelsiusTech, katikati ya miaka ya 1980 ilijikuta na kandarasi za programu za meli za kivita za aina mbalimbali kwa wakati mmoja. Ikaona haitaweza kuandika kila moja peke yake, ikajenga jamaa moja. Na mwaka 1990 Kyo Kang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walitoa njia ya kuchora mti wa sifa za programu. Juu ya mti huo kila kitu kinapewa hali yake: hiki ni cha lazima, hiki ni cha hiari, hapa chagua kimoja kati ya viwili. Mchoro wenyewe ni rahisi, hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuuchora. Ugumu ni kujua nini kiwekwe lazima.

Sasa turudi Minova.

Fundi aliyenisaidia alikulia Bukavu, akasoma enformatike hapa hapa kwetu. Amekubali niandike maneno yake, bila jina lake wala la waliomwajiri. Tulikaa kwenye ubao nje ya duka, akafungua mashini yake, akanionyesha jedwali la maswali. Fomu ilikuwa imetumika kwanza katika nchi nyingine. "Tuliipokea ikiwa imekwisha, kaka," aliniambia. "Tukabadilisha nembo, tukaweka majina ya majimbo yetu, tukaanza kazi. Watu walikuwa wanalala nje, nani angesubiri?"

Fomu ile ilikuwa na nafasi mbili za jina: jina la kwanza na jina la ukoo. Sisi Wakongomani tuna majina matatu. Kuna jina, kuna postinomu, kuna prenomu. Wazee wanakumbuka kwamba mambo haya yanatoka siku za authenticité ya Mobutu, mwaka 1972, watu walipolazimishwa kuacha majina ya ubatizo na kuweka majina ya mababu. Baadaye majina ya ubatizo yalirudi, lakini postinomu haikuondoka. Iko kwenye karte ya uchaguzi, iko kwenye diploma, iko kwenye cheti cha kuzaliwa kwa mwenye bahati ya kuwa nacho. Na si mapambo. Katika Kivu tuna akina Bahati, Furaha, Amani na Baraka wengi kuliko miembe. Mara nyingi ni postinomu ndiyo inayotenganisha Bahati huyu na Bahati yule.

Mbele ya nafasi mbili, kila mwandikaji aliamua kivyake. Mmoja alibandika postinomu nyuma ya jina. Mwingine aliiacha. Wa tatu alitanguliza prenomu. Halafu lisiti ilipofika kwenye ordinateri kubwa ikasafishwa: mashini ilitafuta watu wenye majina mawili sawa na kijiji kimoja, ikamwacha mmoja na kumfuta mwingine, ikidhani ni mtu aliyejiandikisha mara mbili. Baba mmoja aliyetoka upande wa Sake alisimama kwenye safu tangu alfajiri, akafika mbele saa 8 mchana na jetoni yake mkononi, akaambiwa jina lake limekwisha kuchukua unga. Waliomzunguka walimtazama kama mwizi. Alikuwa na mke na watoto 5. Aliyechukua hakuwa mwizi pia. Alikuwa jina lake.

"Mashini haikukosea," fundi alisema, na hakuwa anajitetea. "Ilifanya kile iliambiwa. Ila iliambiwa na mtu ambaye kwao watu wana majina mawili."

Mambo ya vijiji yalikuwa vilevile. Fomu iliuliza ngazi tatu: jimbo, wilaya, kijiji. Kwetu kati ya jimbo na kijiji kuna teritware, kisha sheferi ao sekta, kisha grupema. Ukiruka sheferi na grupema, vijiji viwili vyenye jina moja vinakuwa kijiji kimoja. Na ngazi zenyewe hazisimami. Mwaka 2015 nchi hii ilitoka kwenye majimbo 11 ikaingia kwenye majimbo 26. Mtu aliyeandika majimbo ndani ya programu, badala ya kuyaweka pembeni kwenye lisiti inayoweza kubadilishwa, alilazimika kufungua mashine nzima kwa ajili ya sheria moja ya Kinshasa. Huyo hakuacha kitambaa kiunoni.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni nafasi moja ndogo yenye nyota nyekundu. Nyota nyekundu maana yake ni lazima: usipojaza, fomu haiendi mbele. Iliandikwa "namba ya bloku". Fomu ilizaliwa mahali ambapo wote walikuwa wanaishi kambini, hema kwa mistari, kila mstari na namba yake. Hapa kwetu wengi hawako kambini. Wako kwa familia zilizowapokea, chumba kimoja watu 12, ao jikoni. Hao hawana bloku. Waandikaji, ambao jua lilikuwa linawachoma kama ninyi, walitafuta njia, wakaandika 0. Kwa hiyo kwenye lisiti kukazaliwa mtaa ambao haupo duniani, Bloku 0, na ndani yake watu wengi sana. Siku ya kugawa bashi waliita bloku kwa bloku, kuanzia 1.

Nataka kuwa wa haki hapa. Ni rahisi kusema hizi ni dharau kwa watu wa Kivu. Sidhani hivyo. Shida hii ya kuchukua kazi ya mahali pengine bila kuuliza ilikuwa inafaa kwa nini imewapata hata wenye pesa nyingi. Tarehe 4 Juni 1996, kule Kourou, Guyana ya Ufaransa, Ulaya ilirusha kwa mara ya kwanza roketi yake mpya, Ariane 5. Sehemu ya programu ya kuiongoza ilichukuliwa kutoka Ariane 4, roketi ya zamani iliyokuwa inafanya kazi vizuri. Ndani yake kulikuwa na namba ya mwendo iliyowekwa kwenye nafasi ndogo, kwa sababu Ariane 4 haikuweza kufikia mwendo mkubwa wa namna ile. Ariane 5 iliufikia. Namba ikakosa nafasi, kifaa cha kuongoza kikazimika, na cha akiba, ambacho kilikuwa na programu ileile, kikawa kimezimika kwa sababu ileile. Haikumaliza hata dakika moja hewani, ikageuka na kulipuka pamoja na setelaiti 4 ilizobeba. Hakuna aliyekufa. Jambo la kushangaza ni kwamba kile kipande cha programu hakikuwa na kazi yoyote tena kwenye Ariane 5 baada ya kuruka. Kilibaki kwa sababu kilikuwemo kwa mkubwa wake.

Namba ya bloku na namba ya mwendo ni ndugu. Tofauti ni kwamba roketi ikilipuka, tume inaundwa na ripoti inaandikwa kwa wiki chache.

Kuna waliofanya vizuri, na mfano uko karibu kuliko mnavyofikiri. Muuguzi wa kituo chenu akipeleka hesabu za malaria na chanjo, mwishowe hesabu hizo zinaingia kwenye programu inayoitwa DHIS2. Mizizi yake iko Afrika ya Kusini, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994, na leo inasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Inatumiwa na nchi zaidi ya 70, na Kongo yetu ni mojawapo. Wale waliona mapema kwamba hakuna nchi mbili zinazogawa ardhi yao namna moja. Basi hawakuandika ngazi za nchi yoyote ndani ya shina. Waliacha kila nchi ipange ngazi zake yenyewe, nyingi ao chache. Ndiyo maana zone zetu za afya, zote 519, na maeneo ya afya yaliyo chini yake, vinakaa humo bila kulazimishwa kuwa wilaya za watu wengine. Programu hiyo ina matatizo yake, wauguzi wananiambia hasa mtandao ukikatika. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba zone yake haikupata mahali pa kuandikwa.

Niseme kidogo juu ya lugha, maana ndiyo kazi yangu. Kwenye fomu ya Minova Kiswahili kilikuwa kimoja tu, na kilitoka mashariki ya Ziwa Tanganyika. Ni Kiswahili kizuri, tunakisoma. Lakini "kaya yako ina watu wangapi?" mama wa Katoyi hakuelewa kaya ni nini. Wengine walidhani wanaulizwa juu ya shamba. Mwulize jamaa yako ina watu wangapi, ao nyumba yako, atakuhesabia mpaka mtoto wa mgongoni. Swali la chakula liliuliza kama wamekula kisamvu wiki hiyo. Walijibu hapana, na jioni walikuwa wanapika sombe, ambayo ndiyo kisamvu. Mtu aliye mbali akisoma majibu hayo ataandika kwamba watu wa Masisi hawali majani. Redioni tunajua jambo hili kwa sababu kila asubuhi tunatoa habari moja kwa Kifaransa, Kiswahili, Kihavu na Kihunde. Kichwa cha habari ni kimoja, saa ni moja, ukweli ni mmoja. Maneno ya kuusema hayawezi kuwa yaleyale, na hakuna anayeona hiyo ni gharama ya bure.

Je, kila mahali pawe na programu yake? Fundi alitikisa kichwa, nami nakubaliana naye. ODK na matawi yake zilitengenezwa zijue kukaa bila mtandao: majibu yanabaki ndani ya simu mpaka utakapopata mahali pa kutuma. Hilo lilifanywa kwenye shina mara moja, na matawi yote yamelipata. Minova, ambako mtandao unakuja na kuondoka kama mvua, tusingeweza kuandikisha hata watu 10 bila hilo. Kosa likirekebishwa kwenye shina, wote wanapona. Na lisiti za sehemu mbalimbali zikifanana, zinaweza kulinganishwa, na wafadhili wanaona nani amesahauliwa. Jamaa ya programu ni kitu kizuri kwa maskini kuliko kwa tajiri.

Swali langu ni nani anakaa mezani siku ile wanapogawa vitu vya lazima na vya hiari. Siku hiyo inapita kimya, katika ofisi ya mbali, miezi kabla hamjaiona tableti. Angeitwa katibu wa grupema, angesema majina ni matatu. Angeitwa mama aliyepokea jamaa mbili nyumbani mwake, angeuliza bloku ni nini. Hakuna haja ya diploma kwa hayo.

Kuongeza nafasi ya tatu, fundi anasema, kulimchukua alasiri moja. Ruhusa ya kuiongeza ilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu ripoti ya juu, inayokusanya nchi zote, ilikuwa inangoja nguzo mbili za majina na ingekwama ikiona ya tatu. Mwisho walikubaliana: tawi letu lina nafasi tatu, na mahali pa kutuma juu mashini inaunganisha jina na postinomu. Nyota nyekundu imeondolewa kwenye bloku. Sasa kuna kuchagua: ninaishi kambini, ao shuleni ao kanisani, ao kwa familia. Ukichagua familia, wanakuuliza avenue ao kijiji, na jina la mwenye nyumba. Kaya imekuwa jamaa. Sombe imeingia.

Kwa hiyo, wapenzi wasikilizaji, mwandikaji akifika kwenu: toeni majina yote matatu kwa mpangilio ulio kwenye karte ya uchaguzi, hata kama karte yenyewe iliungua au ilibaki njiani. Mwombeni awasomee alichoandika kabla hajabonyeza. Tajeni grupema yenu bila kungoja kuulizwa. Mnaokaa kwa familia, semeni hivyo kwa sauti, msikubali kuandikiwa 0. Jetoni ya zamani msiitupe, na mwenye simu aipige picha.

Jetoni ni muhimu kwa sababu lisiti ya zamani na mpya bado hazijaunganishwa. Mashini haiwezi kufanya kazi hiyo peke yake, maana haijui ni Bahati yupi aliyefutwa. Inafanywa kwa mkono, jina kwa jina, vijana wawili na daftari. Nilipompigia fundi juzi walikuwa kwenye herufi B, na kwetu B ni ndefu.